Likizo ya Machi imevuruga masomo ya nyumbani: tuanzie wapi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, sasa tunaishi karibu na Fort Worth, Texas. Tangu Agosti mwaka jana tunawasomesha wanetu nyumbani: wa kiume ana miaka 11, wa kike miaka 8, na kitinda mimba miaka 4. Tulikuwa tunakwenda vizuri. Mwezi Machi tukapumzika wiki moja kama shule za huku, wifi yangu akaja kututembelea kutoka Minnesota, wiki moja ikawa tatu. Mgeni ameshaondoka lakini masomo hayarudi. Wanalala saa sita usiku, wanaamka saa nne asubuhi. Kijana nikimwekea hesabu za kugawanya sehemu anasema kasahau zote, analia. Binti akisikia tu neno hesabu anajifungia chooni. Kishikwambi ndicho kimekuwa mwalimu wao. Nilitunga ratiba mpya ya masaa sita kwa siku, pamoja na Jumamosi, ili tufidie. Siku ya pili ikanishinda, nikapiga kelele mpaka nikamwamsha baba yao, ambaye anafanya zamu ya usiku ghalani na asubuhi ndio usingizi wake. Mama yangu kwenye simu ananiambia niwarudishe shule, mambo ya kusomeshea nyumbani ni ya Wazungu. Je, wanangu wamesahau kila kitu? Nimevunja sheria? Na Jumatatu nianze vipi?"

Marahaba, mama. Maswali yako ni matatu lakini hofu ninayoisikia ni moja: kwamba wiki tatu zimebomoa kazi ya miezi saba. Nikutoe wasiwasi, kazi yako ipo. Watoto hawajawa wavivu, wala wewe hujashindwa kulea. Saa ya miili yao imesogea, na zile alama za nyumbani zilizokuwa zikiwaambia kwamba sasa ni wakati wa kusoma zimepotea kwa siku nyingi mfululizo. Vyote viwili vinarudi, ila vina utaratibu wake wa kurudi: usingizi kwanza, kisha jambo moja dogo la kila asubuhi, kisha ndipo masomo yaongezwe kidogo kidogo. Wewe ulianza na masomo, tena mengi kuliko yale ya kabla ya likizo. Ratiba ya namna hiyo ingemshinda mtu yeyote.

Tuimalize hofu ya sheria, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Texas haikupangii idadi ya siku wala masaa ya kusomesha nyumbani. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, katika kesi ya Leeper mwaka 1994, ilithibitisha kwamba familia inayosomesha watoto wake nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi. Unachodaiwa ni kusomesha kwa dhati, kutumia mtaala unaoonekana, yaani vitabu, mazoezi, au masomo ya kwenye kompyuta, na kugusa mambo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Kupumzika wiki tatu hakuvunji lolote kati ya hayo. Kama kijana wako aliwahi kuandikishwa shule ya umma, hakikisha tu unayo nakala ya barua uliyoandika kumwondoa, na uitunze pamoja na kazi zao. Wasomaji wengine mlio nje ya Texas msilichukue jibu hili kama lenu. New York inadai masaa 900 kwa mwaka kwa darasa la 1 hadi la 6, na masaa 990 kuanzia la 7, pamoja na ripoti ya kila robo mwaka. Georgia inadai siku 180 za angalau masaa manne na nusu. Kwa wenzetu wa huko, wiki tatu ni za kuhesabu kwenye kalenda.

Sasa usingizi, na hapa nitakaa kwa muda.

Hesabu pamoja nami. Kutoka saa sita usiku mpaka saa nne asubuhi ni masaa kumi. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale masaa 9 hadi 12, na wa miaka 3 hadi 5 walale masaa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa hiyo wakubwa wako hawa wawili wanalala vya kutosha, isipokuwa wanalala kwa saa zisizokufaa wewe. Jambo hili ni muhimu kwa sababu wazazi wengi, wakiona hali hiyo, huamua kesho yake kuwaamsha watoto saa moja asubuhi. Usiku watoto watalala saa sita kama kawaida, asubuhi utawakata masaa matatu, na mtoto aliyekatwa masaa matatu ya usingizi hawezi kukusikiliza ukimweleza kugawanya sehemu. Atalia juu ya daftari, nawe utadhani ni hesabu inayomliza.

Saa ya mwili inaendeshwa na kishada kidogo cha seli ndani ya ubongo, juu ya mahali ambapo mishipa ya fahamu ya macho hupishana. Kwa watu wengi mzunguko wake unazidi masaa 24 kwa kiasi kidogo, hivyo ikiachwa yenyewe huelekea kuchelewa. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga unaoingia machoni. Mwanga wa asubuhi huifanya iwahi. Mwanga wa jioni na usiku huichelewesha, kwa kuwa huzuia melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Ndiyo maana mtoto akipewa likizo huanza kuchelewa kulala bila kufundishwa, lakini kumrudisha kwenye kuwahi kunahitaji kazi.

Tazama basi kilichowapata mwezi Machi. Jumapili ya pili ya mwezi huo Marekani husogeza saa mbele kwa saa nzima, na likizo za shule nyingi za Texas huangukia karibu na siku hizo hizo. Katikati ya Machi, upande wenu, jua linachomoza kama saa moja na dakika 40 asubuhi na kuzama kama saa moja na dakika 40 jioni. Watoto wamenyang'anywa mwanga wa asubuhi na kuongezewa wa jioni kwa mkupuo mmoja, halafu shangazi yao kipenzi akafika, na maongezi yake ya usiku. Mwili wa mtoto ungefanya nini zaidi ya kuchelewa?

Kuna jingine linalotupotosha sisi tuliokulia pwani. Tanga iko karibu na ikweta, na magharibi huingia karibu saa ile ile mwaka mzima. Kiza chenyewe kilikuwa amri: mtoto aingie ndani, aoge, ale, alale. Mama zetu hawakuhitaji kutazama ukutani. Texas amri hiyo haipo. Mwishoni mwa Aprili jua linazama baada ya saa mbili usiku, na Juni karibu saa mbili na dakika 40. Mzazi anayesubiri kiza ndipo aite watoto atajikuta anawachelewesha dakika chache zaidi kila wiki, na huku anaamini anafuata malezi mema aliyolelewa nayo. Huko uliko, jioni inabidi uitengeneze kwa mkono wako. Chakula cha usiku kiwe mezani kabla ya saa moja. Saa moja na nusu shusha mapazia, zima taa kubwa za juu, acha taa ndogo ya pembeni, na vifaa vyote vya kutazama vilale chumbani kwenu kwenye chaji. Itakuwa ajabu kwao kulala huku nje kungali kweupe, lakini watoto huzoea, hasa wakiona mama hajadili jambo hilo kila siku upya.

Kulala hakulazimishwi, kuamka kunawezekana. Kwa hiyo shika upande wa asubuhi. Ukianzia kwenye saa nne yao ya sasa, waamshe dakika 20 mapema, kaa hapo siku mbili, kisha dakika 20 nyingine. Katika siku 12 hivi mtafika saa mbili asubuhi, na mimi ningeishia hapo. Saa moja ya nini, na hamna basi la shule la kuwahi? Kila wakiamka watoke nje ndani ya nusu saa, wale uji au chai yao barazani, au mzunguke mtaa. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, unazidi kwa mbali taa za ndani. Aprili kando ya barabara zenu kunakuwa na yale maua ya buluu, bluebonnet, ambayo Texas iliyafanya ua lake rasmi mwaka 1901. Kachoreni ua moja, mhesabu vijani vyake, muandike tarehe. Hilo ni somo la sayansi na ni dawa ya usingizi kwa wakati mmoja. Jumamosi na Jumapili msiwaache walale zaidi ya saa moja kupita kawaida, vinginevyo Jumatatu mnaanza tena.

Wameshasahau? Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akijikaririsha silabi zisizo na maana na kupima zinavyomtoka. Watu wengi hukumbuka nusu moja ya habari yake, kwamba kusahau huenda kwa kasi mwanzoni. Nusu ya pili ndiyo inayokuhusu: aliporudia kujifunza kile alichodhani kimepotea, alihitaji muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kitu kinabaki hata pale mtu anapoapa kwamba hakuna kilichobaki. Kijana wako akisema kasahau zote, anasema kweli kwamba hazimjii. Hilo halimaanishi kwamba hazipo.

Kuhusu likizo ndefu, mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walijumlisha tafiti za likizo ya kiangazi ya Marekani, ile ya karibu miezi mitatu. Kwa wastani walikuta wanafunzi wakirudi nyuma kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na kuanguka zaidi kwenye hesabu za kukokotoa na tahajia kuliko kwenye kusoma. Watafiti wa baadaye wamebishana kuhusu ukubwa wa upungufu huo. Hata ukichukua makadirio yale, yenu ni wiki tatu tu, na katika wiki hizo watoto walikuwa na shangazi anayezungumza nao Kiswahili kutwa, kupika naye, kuuliza na kujibiwa. Nathubutu kusema Kiswahili chao kimepanda katika siku hizo kuliko katika miezi miwili ya madaftari. Kiandike kwenye kumbukumbu zako kama masomo, kwa sababu ni masomo.

Hesabu huanguka kwanza kwa sababu iliyo wazi. Kugawanya sehemu kunadai hatua kadhaa kwa mpangilio, na kila hatua inaegemea jedwali la kuzidisha. Jedwali likiwa na kutu kidogo, akili yote ya mtoto inaishia kwenye saba mara nane, na hatua zinadondoka njiani. Kwake inaonekana kwamba somo zima limepotea. Usimfundishe upya kutoka mwanzo, na usimwambie asome tena kurasa za nyuma. Mpe karatasi tupu na dakika tano, aandike au achore chochote anachokumbuka kuhusu sehemu, hata kama ni mduara uliokatwa vipande. Kisha fungueni kitabu, ajaze mwenyewe kilichopungua kwa kalamu ya rangi nyingine. Utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi wiki moja baadaye kuliko wale waliorudia kusoma tu, ingawa waliorudia ndio waliojiamini zaidi. Kule kukuna kichwa kunakokusikitisha ndiko kunakofanya kazi.

Baada ya hapo, rudini kwenye maana kabla ya kanuni. Kata chapati: robo tatu za chapati zina vipande vingapi vya moja ya nane? Atavihesabu sita kwa macho yake, na ile kanuni ya kugeuza na kuzidisha itapata mahali pa kukaa. Kwa wiki mbili za mwanzo mpe maswali sita tu kwa siku, matatu ya vitu anavyoviweza bila shida, mawili ya jedwali, moja gumu. Liwe gumu kweli, na mlifanye pamoja.

Binti anayejifungia chooni ananipa mawazo zaidi kuliko kaka yake. Huyu amegundua kitu: nikiingia humu, hesabu inaondoka. Kila mara unapogonga mlango, mkazozana, na mwishowe somo likaahirishwa, mwili wake unapata nafuu, na nafuu hiyo inamfundisha kurudi chooni kesho. Kumfokea hakuvunji mzunguko huo, kunamwongezea sababu ya kukimbia. Kinachouvunja ni kuufanya mwanzo uwe mdogo kiasi kwamba hauna cha kukimbiwa. Swali moja, umekaa naye ubavuni, kalamu mbili, wewe unaandika mstari wa kwanza yeye wa pili. Likiisha, limeisha, funga daftari hata kama anaweza kuendelea. Kesho mawili. Mpe pia uchaguzi ulio wa kweli: tuanze na hesabu au na kusoma? Mezani au barazani? Na tafadhali muulize siku tulivu, mkiwa mnasukana nywele kwa mfano, ni kitu gani hasa kwenye hesabu kinachomtisha. Mara nyingi jibu ni kitu kimoja mahususi, kama kupewa muda wa kukimbizana na saa, au kaka mtu anayejibu kabla yake.

Kuhusu Jumatatu, shauri langu ni hili: msianze Jumatatu. Anzeni Alhamisi. Mkianza Jumatatu, mna siku tano mbele yenu na kila kosa linaonekana kubwa. Mkianza Alhamisi mna siku mbili tu, kisha mnapumzika mkiwa mmefaulu. Jumatatu hadi Jumatano zitumieni kuanza kusogeza usingizi, kusafisha meza, kunoa penseli na kurudisha madaftari mahali yalipokuwa kabla ya likizo. Usidharau hilo la mwisho. Mazoea hushikwa na alama, na meza ile ile, kiti kile kile, baada ya kitendo kile kile, ni alama ambayo mtoto huitii bila kuamriwa.

Alhamisi yenyewe iwe nyepesi mpaka uone haya. Nje, chai, kisha mama asome kwa sauti dakika 15 kitabu ambacho watoto wote watatu wanakipenda. Hilo ndilo jambo moja la kila asubuhi nililolitaja. Lisikosekane hata siku mambo mengine yote yatakapokosekana. Kisha karatasi tupu kwa kijana na swali moja kwa binti. Kisha kila mmoja asome peke yake dakika 20. Mmemaliza. Wiki ya kwanza kamili iwe kusoma na hesabu pekee. Ya pili ongeza kuandika. Sayansi, jiografia na mengineyo zitangoja mpaka wiki ya tatu, na hazitaoza. Umesikia labda kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu wazima waliokuwa wakijenga mazoea madogo ya kila siku, wakakuta kati yao wastani wa siku 66, wengine 18, wengine makadirio ya 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo likiharibika Jumanne, Jumatano ni siku ya kawaida.

Ile ratiba ya masaa sita na Jumamosi iache. Darasa la watoto 25 lina foleni, kuita majina, kuhama vyumba na kungojana. Masaa sita ya shule hayana masaa sita ya kufundishwa. Mwanafunzi mmoja mbele ya mama yake hufanya mengi kwa muda mfupi. Kwa makadirio yangu, masaa matatu yanamtosha wa miaka 11, na mawili yanamtosha wa miaka 8, mkisharudi kikamilifu. Na deni la wiki tatu msililipe kwa haraka. Sheria ya Texas haikufungi na Mei, basi endeleeni asubuhi za Juni. Julai na Agosti joto la kwenu hupita nyuzi 35 kwa wiki nyingi, watoto hukaa ndani wakiwa na kiyoyozi na kishikwambi. Saa moja na nusu ya masomo asubuhi itakuwa faraja kwa wote.

Kishikwambi sitakuambia ukivunje. Ubaya wake mkubwa, nionavyo mimi, ni kwamba hakina mwisho. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, mchezo wa mpira una jioni, lakini video moja inaita nyingine. Ndiyo maana "dakika kumi tu kabla ya kusoma" hazifanyi kazi: unamwondoa mtoto kwenye kitu kisichoisha na kumpeleka kwenye kitu kigumu, na hasira zake zinalipukia hesabu. Kiwekwe baada ya masomo na baada ya kazi za nyumbani, kwa muda uliotajwa, sebuleni mbele ya watu. Asubuhi kisionekane kabisa.

Mdogo wa miaka 4 hahitaji ratiba ya masomo. Anahitaji wewe. Mpe robo saa ya kucheza nawe peke yake kabla hujakaa na wakubwa, kisha mpe sinia la kuchambua maharage au mchele pembeni yenu. Mtoto aliyeshiba macho ya mama yake huvumilia kidogo ukigeukia wengine. Asiyeshiba atakuvuta gauni mpaka jioni.

Baba yao analala asubuhi, basi asubuhi zenu ziwe za kimya: kuandika, hesabu, kusoma kimya. Kusoma kwa sauti fanyeni barazani. Nyimbo, majaribio na kelele zote zingoje mchana, au ziende bustanini na maktaba ya umma, ambayo ni bure. Akiamka alasiri, kijana amweleze baba kwa maneno yake alichojifunza. Baba anapata nafasi katika elimu ya wanawe hata kwa zamu hiyo ngumu, na kijana anapata zoezi jingine la kukumbuka.

Na bibi wa Tanga? Usishindane naye. Ninavyomsikia, ana wasiwasi kwamba hakuna anayewaangalia hawa watoto kama wanasoma kweli, na wasiwasi huo ni wa haki. Mpe kazi. Tangu saa zilipobadilika Machi, Tanga iko mbele yenu kwa masaa nane: saa nne asubuhi kwenu ni saa kumi na mbili jioni kwake. Binti ampigie mara mbili kwa wiki amsomee ukurasa mmoja wa Kiswahili, bibi amrekebishe matamshi. Mtoto anayejifungia chooni kwa ajili ya mama anaweza kukaa vizuri sana kwa ajili ya bibi.

Ulitaka pia kujua, bila kusema wazi, kama uwarudishe shule. Ni njia halali na isiyo na aibu. Shule ya umma ni bure, itawapokea hata katikati ya muhula, na huenda ikawapima kwanza ili ijue darasa la kuwaweka. Kama kazi nyingine au afya yako haikuachii nguvu ya kufundisha, au watoto wenyewe wanalilia wenzao, fikirieni pamoja na baba yao. Nisingefanya uamuzi huo mwezi huu, nikiwa nimechoka na nikiwa nimetoka kupiga kelele. Rejesheni usingizi na ile robo saa ya kusoma, mwende wiki nne, ndipo mkae muamue. Njia nyingine ni kuacha saa zenu zilivyo na kuanza masomo saa tano na nusu asubuhi. Inawezekana, na kwa familia yenye zamu ya usiku ina mantiki. Gharama yake ni kwamba kijana anaelekea balehe, umri ambao saa ya mwili huchelewa zaidi kwa maumbile, na mkianzia saa sita usiku sasa, mtamtafuta saa nane akiwa na miaka 14. Pia marafiki, ibada na miadi ya daktari haviendi kwa saa zenu.

Yapo mambo ambayo barua hii haiwezi kuyatibu. Mpeleke mtoto kwa daktari wa watoto kama anakoroma sana au pumzi zinakatika usingizini, kama baada ya wiki nne za mpango huu bado hapati usingizi, au kama kwa zaidi ya wiki mbili amekuwa mnyonge, hali chakula, na hata vitu alivyovipenda havitaki. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kukupa mkalimani bila malipo, uliza wa Kiswahili. Na wewe mwenyewe, ukiona hasira inakupeleka kwenye kupiga, au asubuhi huwezi kuinuka kitandani, mwambie mumeo na daktari wako wiki hiyo hiyo. Kwa dharura ya afya ya akili, Marekani kuna namba 988, inayopokea simu na ujumbe usiku na mchana.

Mwisho, kumbuka vizuri ilivyokuwa kabla ya Machi. Kama binti alikuwa akiikimbia hesabu tangu zamani, au kijana alikuwa akigeuza herufi, akisoma kwa tabu iliyopita umri wake, au hawezi kukaa na jambo moja hata lile analolipenda, likizo haihusiki. Omba uchunguzi. Sheria ya shirikisho inaitaka wilaya ya shule mnakoishi iwachunguze bila malipo watoto wanaodhaniwa kuwa na ulemavu wa kujifunza, disleksia (shida ya kusoma na tahajia) ikiwemo, hata wanaosomeshwa nyumbani. Andika barua, usiishie kwenye simu, itume kwa mkuu wa elimu maalumu wa wilaya hiyo, na uweke tarehe na nakala yako. Texas, ombi la maandishi linawapa siku 15 za shule kukujibu, na siku zinaanza kuhesabiwa wanapolipokea, kwa hiyo lipeleke kabla shule hazijafungwa mwishoni mwa Mei.